Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tunavyouona ubaguzi, na tusivyouona

Maswali haya ni yale yanayorudiwa kila mazungumzo yanapogusa ubaguzi katika ofisi, mialo na mitaa ya Mwanza na wilaya nyingine za kando ya Ziwa Viktoria. Majibu hayaamui kama fulani ni mbaguzi. Yanaeleza kwa nini watu hutofautiana juu ya tukio moja, na ni kitu gani kinaweza kuwaamulia. Jambo lililokwisha kufafanuliwa halirudiwi. Msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Ubaguzi ni nini, na unatofautianaje na kutendewa vibaya tu?

Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalieleza jambo hili kwa kulinganisha watu na watu. Kuna ubaguzi pale ambapo watu wa aina fulani wanahesabiwa kuwa duni au wanawekewa vikwazo kwa kuzingatia utaifa wao, kabila, pahala walipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali yao ya maisha, ilhali wengine wanatendewa tofauti. Kwa hiyo karani anayemfokea kila anayefika dirishani kwake ana kauli mbaya na anastahili kushtakiwa kwa mkuu wake, lakini hajambagua mtu. Akiwafokea wale tu wenye lafudhi ya visiwani na kuwachangamkia wengine, habari ni nyingine, hata kama maneno anayoyatoa ni yale yale.

Tendo moja likitazamwa peke yake haliwezi kuonyesha ubaguzi. Ubaguzi hujitokeza katika tofauti baina ya matendo mawili, na mara nyingi aliyetendewa la kwanza hayupo linapotendeka la pili. Matatizo karibu yote yanayoelezwa hapa chini yanatokana na hilo.

2. Kwa nini watu wawili walioshuhudia tukio moja hutofautiana kama ni ubaguzi?

Kwa sababu kila mmoja analilinganisha na matukio mengine aliyokwisha kuyaona, na matukio hayo hayafanani. Tumchukue mwanamke asiye na mume anayetafuta chumba Nyegezi au Buhongwa. Dalali anampeleka, mwenye nyumba anamtazama, anauliza, "Shemeji yuko wapi?", kisha anasema chumba kimeshachukuliwa. Kwa dalali hiyo ni siku ya kawaida, maana vyumba huchukuliwa kila siku. Kwa mwanamke, ikiwa ameshaulizwa swali hilo katika nyumba kadhaa na kila mara chumba kikawa "kimechukuliwa", huo ni mfululizo. Hakuna anayesema uongo kati yao. Mmoja ana tukio, mwenzake ana mkusanyiko.

Hata hivyo dalali ana kitu ambacho mwanamke hana. Amewapeleka wapangaji wengi kwa mwenye nyumba huyo huyo, wanaume kwa wanawake, na akitaka kukumbuka anaweza kusema ni akina nani walipewa ufunguo. Shida ni kwamba kumbukumbu haitunzi mambo kwa usawa. Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1973 kwamba watu hukadiria wingi wa jambo kwa kuangalia jinsi mifano yake inavyowajia akilini kwa urahisi, na mfano uliouma huja upesi kuliko ule uliopita bila kumgusa mtu.

3. Je, hisia ya kubaguliwa ni ushahidi?

Ni ushahidi unaoonyesha pa kuanzia kutazama. Anayeichukua kama hukumu anaweza kumtia hatiani asiye na kosa. Anayeipuuza anapoteza taarifa ya mtu ambaye pengine ndiye pekee aliyekuwepo.

## Uzoefu unavyoyaongoza macho

4. Je, mtu anaweza kuona ubaguzi ambao haukuwepo?

Anaweza. Jaribio linalotajwa zaidi ni la Robert Kleck na Angelo Strenta, lililochapishwa Marekani mwaka 1980. Baadhi ya washiriki walichorwa kovu usoni na kuonyeshwa kwenye kioo. Kabla hawajaingia kuzungumza na mtu wasiyemjua walipakwa mafuta, wakiambiwa ni ya kulihifadhi kovu lisipasuke, kumbe mafuta hayo ndiyo yaliyolifuta. Waliingia wakiwa na nyuso zao za kawaida, na walipotoka walieleza kwamba kovu lilikuwa limeuathiri sana mwenendo wa yule waliyezungumza naye. Wenzao walioamini kwamba mzungumzaji ameambiwa wana mzio tu, yaani hali isiyo na aibu yoyote, hawakueleza hivyo.

Jaribio hili hutumiwa vibaya mno, hasa na wale wanaotaka kumnyamazisha mlalamikaji. Linaonyesha nguvu ya matarajio kwa watu waliopewa matarajio hayo siku ile ile. Halikuwapima watu waliozaliwa na alama au kuishi nayo miaka mingi, ambao wamepata nafasi nyingi za kujifunza tofauti kati ya mtu anayewashangaa na mtu aliyechoka na kazi zake. Wala halisemi ni mara ngapi ubaguzi wa kweli hutokea. Linachothibitisha ni kidogo, nacho kinatosha: mtu mkweli kabisa anaweza kusoma vibaya uso wa mwenzake.

5. Na je, mtu anaweza kubaguliwa asijue?

Hili hutokea zaidi, kwa maoni ya anayeandika, kwa sababu iliyotajwa katika swali la 1: cha kulinganishia kimefichika. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi ya kazi yapatayo 5,000 katika miji ya Boston na Chicago, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Wasifu ulifanana, walibadilisha majina tu, mengine yakisikika ya Wazungu na mengine ya Wamarekani Weusi. Yale ya kwanza yalihitaji maombi kama 10 kupata mwito mmoja, na ya pili kama 15. Mwombaji mmoja mmoja asiyepigiwa simu hawezi kuliona hilo. Atasema ushindani ulikuwa mkubwa, na hatakuwa amekosea, ila hatakuwa amemaliza habari.

Kuna pia jambo lililoonekana katika utafiti wa Faye Crosby, uliochapishwa mwaka 1982, juu ya wafanyakazi wa mji wa Newton, karibu na Boston. Wanawake waliokuwa wakilipwa chini ya wanaume wenye kazi zinazolingana walikubali bila kusita kwamba wanawake hubaguliwa kazini. Walipoulizwa habari zao wenyewe, wengi walijiona wako salama. Ni rahisi kusema dunia haitendi haki. Ni vigumu kusema mkuu wangu, ninayemwamkia kila asubuhi, hanitendei haki.

6. Mimi sijawahi kubaguliwa. Kwa nini nisiamini kwamba wengine wanatia chumvi?

Kwa sababu kutoonja jambo kunaeleza nafasi uliyopo, na huenda kusieleze lolote zaidi. Msukuma aliyekulia Mwanza hana siku ambayo lafudhi yake imemfanya aulizwe ametoka wapi. Huyo huyo akihamia mkoa ambako Kisukuma chake kinachekwa, ataanza kusikia mambo ambayo wenyeji wake hawayasikii, na watamwambia anatia chumvi.

7. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino hataki mtoto wake apigwe picha wala kupewa zawadi na wageni. Je, si kuwadhania watu vibaya?

Ni kuwadhania vibaya, ndiyo, na wengi wa wageni hao hawana nia mbaya hata kidogo. Lakini swali likiishia hapo linasahau gharama ya kukosea. Mzazi akimshuku mtu mwema, hasara ni aibu ya dakika chache na pengine ujirani uliopoa. Akimwamini asiyestahili kuaminiwa, anaweza kumpoteza mtoto. Mauaji na ukataji wa viungo vya watu wenye ualbino, ambayo nchi nzima iliyajua kuanzia mwaka 2006 na 2007, yaliikumba zaidi Kanda ya Ziwa. Shule ya Msingi Mitindo, wilayani Misungwi, iliwapokea watoto waliohofiwa kutekwa majumbani mwao, na mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mzazi aliyeishi miaka hiyo amejizoeza kuiona hatari mapema, na mazoezi hayo yanamfanya aione hata pale ambapo haipo. Mtu akimwambia aache hofu hiyo, amweleze pia ni nani atakayelipa iwapo ameshauriwa vibaya.

Upande wa pili upo. Kijana mgeni, labda mvuvi aliyekuja Ukerewe kutafuta maisha, anayefukuzwa kwa matusi kwa sababu tu ameinua simu yake, naye atakwenda zake akisema watu wa hapa wanabagua wageni. Kwake tukio lilianza pale alipoinua simu. Kwa mzazi lilianza zamani. Wakionana tena mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kila mmoja ahojiwe kwanza alikuwa anaogopa nini, kisha ndipo aulizwe nani alimkosea nani.

## Mambo ya Kanda ya Ziwa

8. Utani wa makabila ni ubaguzi?

Utani wenye asili ya makabila unategemea haki ya kujibu. Mkurya na Msukuma wanaotupiana maneno msibani au kwenye meza ya mama ntilie, kila mmoja akiwa huru kurudisha, wanatunza uhusiano. Maneno yale yale yakitoka kwa msimamizi kwenda kwa kibarua ambaye akijibu hapangiwi zamu kesho, uhuru huo haupo, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayahesabu manyanyaso ya msingi huo kuwa ni aina ya ubaguzi. Tumezoea kusema "ni utani tu", na ajabu ni kwamba anayesema hivyo huwa ndiye aliyetania.

9. Konda anayewaacha wanafunzi kituoni anawabagua?

Anafuata nauli, mwanafunzi hulipa kidogo kuliko mtu mzima, na kiti ni kile kile. Lakini anawachagua kwa sare, kabla hajajua mfuko wa yeyote, na mtoto anayeachwa kila asubuhi Igoma au Mabatini haoni hesabu za konda, anaona kwamba hatakiwi. Kukosekana kwa chuki hakubadilishi aliyebaki kituoni.

10. Mahali fulani wameajiri watu wa kwao tu. Je, huo si ubaguzi wa wazi?

Huenda ni ubaguzi, lakini mtu asiuhesabu kwa kusoma majina ukutani. Ofisi ya Magu au Misungwi yenye Wasukuma wengi haijathibitisha lolote, kwa kuwa wakazi wenyewe ni Wasukuma wengi. Cha kulinganisha ni waliopata dhidi ya walioomba wakiwa na sifa, si waliopata dhidi ya makabila yote ya Tanzania. Kosa hili hufanywa na watu waliosoma vizuri tu, na hufanywa zaidi na yule ambaye amekosa kazi wiki hiyo.

Ikishafanyika hesabu ya haki na tofauti ikabaki, inafaa kuangalia njia iliyoileta. Katika kiwanda cha minofu ya sangara, kwa mfano, msimamizi anayehitaji vibarua haraka huwaambia waliopo walete ndugu zao. Hakuna tangazo, hakuna usaili, na baada ya muda mstari mzima wa wakata minofu umetoka vijiji viwili. Walio ndani huita jambo hilo kusaidiana. Walio nje, wanaosimama getini kila alfajiri, huliita ukabila. Wote wanaeleza mlango mmoja, kila mmoja kutoka upande aliosimama. Henri Tajfel na wenzake, katika majaribio na wavulana wa shule mjini Bristol mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuta kwamba kuwagawa watoto kwa sababu isiyo na maana, kama vile picha ya mchoraji gani waliipenda, kulitosha kuwafanya wawapendelee wa kundi lao katika kugawa fedha, bila ugomvi wowote wa awali. Sheria ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, hivyo jibu la "hatumchukii mtu" si utetezi kamili.

11. Kwa nini waliowatuhumu vikongwe kwa uchawi hawakujiona wabaguzi?

Kwa sababu machoni pao walikuwa wanajilinda. Usukumani macho mekundu yalichukuliwa kuwa dalili ya uchawi, na bibi aliyepika miaka yote kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na tundu la moshi, hawezi kukosa macho mekundu. Alama hiyo ilikuwepo kweli. Tafsiri ndiyo iliyotangulia. Mtoto akiugua, watu walikumbuka nyumba ya bibi yule, na watoto waliougua mbali naye hawakuhesabiwa. Wachache sana hubagua huku wakijiambia kwamba wanabagua. Wengi wana sababu, na sababu yenyewe huwa na ushahidi ambao wameukusanya upande mmoja.

12. Jambo likiwa ni mila yetu, linaweza kuitwa ubaguzi?

Mahakama Kuu ilijibu swali hili hapa hapa Mwanza, mwezi Februari 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake alipinga akitegemea sheria ya kimila iliyomruhusu mwanamke kulitumia shamba bila kuliuza. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kutumika mahakamani mwaka 1988, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume.

Kwa mada yetu, cha kutazama ni jinsi kanuni ile ilivyokuwa haionekani kwa walioishi ndani yake. Haikumnyima mtu mmoja kwa ghafla. Iliwanyima wote wa jinsia moja, vizazi hata vizazi, kwa hiyo hakukuwa na jirani mwanamke aliyeuza ambaye mtu angejilinganisha naye na kuona pengo.

## Kulalamika na kusikiliza

13. Nipimeje kama nililotendewa ni ubaguzi?

Tafuta aliyekuwa katika hali kama yako isipokuwa kwa jambo lile moja unalolishuku, na uangalie alitendewaje. Kama hayupo, andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo siku hiyo hiyo, kabla hasira haijayapanga upya. Tafuta kwa makusudi pia tukio linalokwenda kinyume na unavyoamini. Ukilikosa baada ya kulitafuta kweli, madai yako yamepata nguvu ambayo hayakuwa nayo.

14. Kisheria, ni lazima nithibitishe yaliyokuwa moyoni mwa mwajiri?

Hapana. Chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, mfanyakazi akionyesha msingi wa awali wa madai yake, ni wajibu wa mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Misingi iliyotajwa ni mingi kuliko ya Ibara ya 13. Imo pia ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na VVU. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 kama ni wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Nje ya ajira, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa chini ya Ibara ya 129 ya Katiba, ina mamlaka ya kupokea malalamiko.

15. Kama wanabaguliwa kweli, mbona hawasemi?

Kusema kuna bei yake. Cheryl Kaiser na Carol Miller walichapisha mwaka 2001 jaribio ambamo watu walisoma habari za mwanafunzi Mmarekani Mweusi aliyefeli mtihani. Aliposema amefelishwa kwa ubaguzi, wasomaji walimwona mlalamishi, hata walipokuwa wameelezwa kwamba uwezekano wa ubaguzi ulikuwa mkubwa sana. Mtu anayekaa kimya anaweza kuwa hajaona kitu (swali la 5), au ameona na kufanya hesabu.

16. Mimi ni msimamizi ninayesikiliza malalamiko, na najijua sina upendeleo. Je, inatosha?

Karibu kila msimamizi husema hivyo. Emily Pronin, Daniel Lin na Lee Ross walikuta mwaka 2002 kwamba watu huyaona makosa ya upendeleo kwa wengine kuliko kwao wenyewe, na kuelezwa habari hiyo hakukuwaponya. Badala ya kuuchunguza moyo wako, omba orodha: nani aliomba, nani alipewa, nani aliadhibiwa kwa kosa gani. Kama mtuhumiwa ni rafiki yako au ni mtu wa kwenu, orodha hiyo aisome mwingine kwanza.

## Hali zenye utata

17. Nafasi maalumu kwa watu wenye ulemavu si ubaguzi dhidi yetu wengine?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na sheria ya ajira inasema wazi kwamba hatua za kukuza usawa si ubaguzi. Hisia ya kuporwa inaeleweka, kwa kuwa anayekosa nafasi anaziona zile 3 katika kila 100 zilizotengwa na haoni 97 zilizokuwa wazi kwake. Michael Norton na Samuel Sommers waliandika mwaka 2011 kwamba Wamarekani Weupe waliowahoji walielekea kuuona ubaguzi kama kitu cha kiasi kimoja, ukipungua kwa Weusi unahamia kwao. Mtazamo huo upo hata hapa kwetu.

18. Mtu anaweza kuwabagua watu wa kundi lake?

Ndiyo. Mwanamke mwenye nyumba anaweza kuwa ndiye anayemkataa yule mpangaji wa swali la 2. Kufanana naye kwa jinsia si kinga. Cha kuangalia ni wapangaji aliowapokea.

19. Je, hata sifa zinaweza kutiliwa shaka?

Zinaweza, na hili husahaulika. Jennifer Crocker na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba wanafunzi Weusi waliosifiwa na mtathmini Mzungu walishuka kujithamini pale walipoamini kwamba aliwaona na kujua kuwa ni Weusi, kwa sababu hawakujua kama wamesifiwa kwa kazi au kwa huruma. Binti wa kwanza kuajiriwa karakana ya injini za boti, anayeambiwa "hongera" kwa kufunga bolti ambayo kijana mwenzake angefunga bila kutazamwa, anajua jambo hilo bila kusoma utafiti wowote. Anachohitaji ni kusahihishwa kama wengine.

20. Tumeuliza yote na bado haijulikani. Tufanyeje?

Acheni kuamua juu ya mtu na muamue juu ya utaratibu. Nafasi za kibarua zitangazwe getini na si mdomoni. Vigezo viandikwe kabla ya majina kusomwa. Mwenye nyumba amtajie dalali masharti yake kabla mpangaji hajafika. Mtuhumiwa aelezwe kwamba hajatiwa hatiani, na mlalamikaji aelezwe kwamba hajaitwa mwongo, kila mmoja akiwepo mwenzake akisikia. Lalamiko lenyewe liwekwe kwenye jalada na tarehe yake, lisichanwe, kwa sababu likija la pili kutoka kwa mtu asiyemfahamu yule wa kwanza, kutakuwa na kitu cha kulinganishia.